Uyoga mdogo wa kinamasi: unaota wapi, na sisi wa Nairobi tuangalie wapi?

MwanaOndiri

Wadau, hamjambo. Kuna uyoga mdogo wa Ulaya, jina lake la kisayansi Mitrula paludosa, ambao ningependa tuuzungumzie hapa ingawa makao yake yako mbali. Mtu akiuelewa huo, ataelewa mambo mengi kuhusu vinamasi vyetu wenyewe.

Urefu wake ni sentimita 2 hadi 4 hivi. Kichwa ni laini, cha manjano iliyokolea au rangi ya chungwa. Bua ni jeupe, limejaa maji kiasi kwamba mwanga unapenya. Hauna kofia, wala zile karatasi nyembamba zinazopangana chini ya uyoga wa dukani. Spora zake, yaani chembe ndogo za kuzaliana, hukaa ndani ya vifuko vidogo sana vilivyofunika kichwa chote, spora 8 katika kila kifuko, na zikikomaa hufyatuliwa hewani. Amerika Kaskazini kuna ndugu yake wa karibu, Mitrula elegans, na maisha yao yanafanana.

Sasa tuje kwenye mahali, maana hapo ndipo penye utamu. Uyoga huu hauoti kwenye udongo mkavu wala kwenye gogo. Unaota kwenye majani yaliyokufa yakalala chini ya maji ya kina kifupi: mitaro ya msituni, vidimbwi vya chemchemi, pembeni mwa kinamasi ambako maji yanasogea taratibu. Huko kwao majani yenyewe ni ya miti ya baridi, au sindano za misonobari, au kuvumwani (moss) iliyooza. Shina limeshika jani ndani ya maji, kichwa kiko juu hewani. Na lazima iwe hivyo. Nyuzi za kuvu zinakula jani lililolowa, lakini spora haziwezi kufyatuka zikiwa zimezama. Kwa hiyo uyoga unahitaji maji yasiyokauka mapema na yasiyopanda ghafla, maji safi yasiyojaa mbolea, na majani yanayodondoka kila mwaka. Hutoka kati ya Aprili na Julai, baridi ya huko inapoisha, halafu kimya mpaka mwaka unaofuata.

Mahali pa namna hiyo ni pembamba mno. Katikati ya kinamasi maji ni mengi, nje yake ni pakavu. Uyoga unaishi kwenye ule ukingo tu, pengine hatua mbili au tatu kwa upana. Na ukingo ndio binadamu anaougusa kwanza: ndiko anakochimba mtaro wa kutoa maji, anakomwaga kifusi, anakopanda sukuma wiki. Mtu anaweza kuangalia kinamasi kwa mbali akaona bado kipo, kijani kibichi, ndege wanatua, kumbe ukingo wote umeshakwenda na kila kilichoishi hapo kimekwenda nao.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi wa Nairobi na viunga vyake. Tuna Ondiri pale Kikuyu, ambayo kwa mipaka ni kaunti ya Kiambu, lakini Mto Nairobi unaanzia huko. Ni takriban hekta 30, na sehemu kubwa ni mimea iliyofungamana ikaelea juu ya maji, ukikanyaga inatikisika. Tuna vijito vya Karura. Tuna mabwawa na mabonde ya matete tunayoyapita kila siku ndani ya matatu bila kugeuza shingo. Ndege wa huko wamehesabiwa, miti imeandikwa. Kuvu je? Nani kati yenu amewahi kuinama pale ukingoni akageuza majani meusi yaliyolowa? Mlichokiona kiwekeni hapa, hata kama ni kidogo namna gani.

---

Kevo_wa_Githurai

Uzi mzuri. Swali moja tu: unaliwa?

---

Shangazi_Rongai

Kevo, hilo nilijua litaulizwa. Sisi kwetu Kakamega obwoba, yaani uyoga, ilikuwa na siku zake, mvua ya kwanza tu watoto wanatumwa kwenye vichuguu na bibi anakagua mmoja mmoja kabla ya kuingia chunguni. Hakuna aliyetuambia twende mtoni kutafuta. Mtoni tulikatazwa kabisa kuchuma.

---

MwanaOndiri

Kevo, hauliwi. Ni mdogo mno na hakuna jamii inayojulikana kuutumia kama chakula. Shangazi amesema la maana: ile ya kwenye vichuguu inalimwa na mchwa wenyewe, ni jamii ya Termitomyces, na bibi zetu walijua kuikagua kwa sababu walifundishwa na bibi zao. Walioniambia kwa Kikuyu wanaita makunu, kwa Dholuo obwolo. Elimu hiyo haihami kutoka kichuguu hadi kinamasi. Anayesoma uzi huu tafadhali asile chochote alichokiokota majini au kando ya mto, hata kikifanana na anachokijua. Kuvu pia hunyonya madini mazito kutoka mahali inapoota, na mito yetu ya mjini mnaijua ilivyo.

---

BabaTasha

Nilipiga picha Karura mwezi wa nne, njia inayoshuka kwenye maporomoko. Juu ya gogo lililolowa kulikuwa na vitu vidogo vya rangi ya chungwa, urefu kama sentimita moja na nusu, vimesimama kwa makundi, vinateleza ukivigusa, vimebapa juu kidogo. Pembeni kwenye tawi lililokuwa nusu majini kulikuwa na visahani vyekundu, vidogo sana, vina vinywele vyeusi kuzunguka ukingo. Je, hiyo ndiyo Mitrula?

---

MwanaOndiri

BabaTasha, asante sana, umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoleta picha peke yake. Hapana, hakuna hata mmoja kati ya hao ambao ni Mitrula, lakini wote wawili wanastahili kutazamwa.

Wa kwanza, kwa maelezo yako, anaelekea kuwa Dacryopinax spathularia au jamaa yake. Huyo ameenea nchi nyingi za joto, na anaota kwenye mbao zilizokufa: magogo, nguzo za ua, hata viti vya mbao vilivyoachwa nje. Mguse: ana utelezi na unyumbufu wa jeli. Jua likiwaka anasinyaa mpaka anakuwa uzi mgumu, mvua ikirudi anavimba tena na kuendelea. Kinachomtofautisha kwanza ni anachokula. Yeye ni wa mbao, Mitrula ni wa jani lililozama. Kabla hujaangalia rangi, angalia kimeota kwenye nini.

Wa pili ni Scutellinia, kwa hivyo vinywele tu sina wasiwasi kuhusu jenasi. Spishi ni kazi ya hadubini, lazima upime spora na urefu wa vinywele. Hao hupenda mbao zilizolowa na udongo wa kingo za vijito, na kwa ukoo wako karibu na Mitrula kuliko yule wa jeli, kwa kuwa nao hutengeneza spora ndani ya vifuko na kuzifyatua. Ukirudi, puliza pumzi ya joto juu ya visahani vikubwa, vilivyokomaa, mwanga ukiwa nyuma yake. Mara nyingine utaona vumbi jepesi likiruka. Ndizo spora, maelfu kwa mpigo.

Mwezi wa nne ulichagua vizuri. Masika ndiyo wakati.

---

FundiMaji_KE

Mimi nafanya kazi za mabomba na mara nyingi niko kando ya Mto Nairobi kule chini, kuelekea Dandora. Kuna kitu cha kijivu, kinateleza, kina nyuzinyuzi ndefu zinazocheza kwenye mkondo, kimeshika mawe, takataka, kila kitu. Wenzangu huita kuvu ya maji machafu. Ni kuvu kweli? Kama ni kuvu basi mto wetu umejaa hizo kuvu unazozitafuta, bwana.

---

MwanaOndiri

Fundi, hilo ni swali muhimu sana. Kwa sehemu kubwa, hicho si kuvu. Kitu cha kijivu chenye nyuzi kwenye mito inayopokea maji ya choo mara nyingi ni bakteria, na anayetajwa zaidi ni Sphaerotilus natans. Bakteria hao hujipanga ndani ya mirija mirefu, wanakula sukari na mabaki ya chakula yaliyoyeyuka majini. Kadiri wanavyokula ndivyo oksijeni inavyopungua, na kuvu za kweli za mtoni zinaondoka. Kwa hiyo unachokiona Dandora ni alama ya mahali ambapo kuvu ninazozizungumzia zimeshindwa kuishi.

Ule mto ni mmoja. Unatoka kwenye maji baridi ya Kikuyu, unapita Westlands na katikati ya jiji, unakutana na mito ya Mathare na Ngong, unaingia Athi na mwishowe unafika Bahari ya Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Juu kabisa mtu anaweza kutafuta viumbe vinavyotaka maji safi. Kilomita chache tu chini yake mawe yameshavaa ute wa kijivu. Mabadiliko hayo yote yametokea ndani ya jiji letu, na yananiuma.

---

MwalimuKasarani

Mwandishi, nafundisha sayansi sekondari. Shule yetu ina hadubini mbili za zamani zinazofika mara 400. Nimesoma maelezo yako yote na swali langu ni la kazi: kuna kuvu ya maji ambayo wanafunzi wangu wanaweza kuiona kwa vifaa hivi, hapahapa Nairobi, bila kusafiri na bila kuharibu chochote? Wamechoka na mkate ulioota ukungu.

---

MwanaOndiri

Mwalimu, ipo, na kwa hadubini hiyo mtaona mambo ambayo hata wasomi wengi wa biolojia hawajawahi kuyaona. Acha nieleze kwa urefu.

Mwaka 1942 mtaalamu wa kuvu, Cecil Terence Ingold, alichapisha kazi kuhusu kuvu alizozikuta kwenye majani yaliyokuwa yakioza ndani ya kijito Uingereza. Majani yalikuwa ya mti uitwao alda. Alichokiona juu ya vikonyo na mishipa ya majani hayo ni spora zenye maumbo ya ajabu: nyingine zina mikono minne inayotawanyika pande nne, nyingine zimepinda kwa herufi S, nyingine zina matawi ya matawi. Watu wachache walikuwa wameshaziona spora moja moja kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeonyesha kwamba hilo ni kundi zima, lenye maisha yake yote ndani ya maji yanayotembea. Na hakuishia kwao. Mwaka 1956 aliandika kuhusu spora za vijito vya Nigeria, na 1958 kuhusu zile za Uganda na Rhodesia ya wakati huo. Uganda ni hapo jirani tu. Mzee huyo aliishi mpaka 2010, akafariki akiwa na miaka 104.

Kwa nini mikono minne? Spora inayosukumwa na mkondo ina shida moja kubwa: kushika jani kabla haijapitilizwa. Mwaka 1959 John Webster alifanya majaribio juu ya jambo hilo. Spora ya mikono minne ikigonga uso wa jani, mikono mitatu inagusa kwa pamoja na kukaa imara, sawa na mafiga matatu chini ya sufuria. Kila ncha iliyogusa inatoa ute wa kunata, kisha inachipuza uzi na kuingia ndani ya jani. Spora ya mviringo ya ukubwa uleule ingesombwa.

Mikono hiyohiyo ndiyo inayotusaidia kuzikamata. Spora za namna hii hunaswa na viputo vya hewa, kwa hiyo povu linalokusanyika chini ya maporomoko au nyuma ya gogo lililoziba kijito linaweza kuwa na maelfu yake. Nasema povu la kijito safi, lile la rangi ya maziwa au kahawia nyepesi. Povu la sabuni la mtaro halina kitu.

Fanyeni hivi. Asubuhi, kwa kijiko kikubwa au kichujio cha chai, kusanyeni povu, mweke kwenye chupa safi yenye mdomo mpana. Msijaze maji. Povu likishatulia litakuwa tone chache za maji ya kahawia. Mwekeeni mwanafunzi tone moja kwenye kioo, funikeni, anzeni na mara 100. Msichelewe, kwa sababu spora zikikaa saa chache zinaanza kuchipuza na maumbo yanavurugika. Kama shule iko mbali na kijito, tone moja au mawili ya fomalini huzizuia, lakini fomalini ni sumu, ibaki mikononi mwako Mwalimu, wanafunzi wasiiguse.

Njia ya pili haihitaji povu. Chukueni majani machache ya kahawia yaliyokaa kijitoni mpaka yamelainika, yale ambayo nyama yake imeanza kuisha na mishipa inaonekana. Yasuuzeni taratibu, yawekeni kwenye sahani bapa yenye maji kidogo ya kijito hichohicho, mahali penye ubaridi. Siku moja au mbili baadaye spora mpya zitakuwa zimeachiwa ndani ya maji na nyingine zitakuwa bado zimeshikilia kikonyo.

Majina ambayo mtakutana nayo vitabuni ni Tetracladium, Lemonniera, Alatospora, Clavariopsis, na kwa maji ya joto Triscelophorus na Lunulospora. Kuna Anguillospora longissima, ambayo spora yake moja inaweza kuzidi robo ya milimita kwa urefu, ukubwa mkubwa sana kwa spora. Na hapa turudi kwa uyoga wetu wa mwanzo: kadhaa kati ya kuvu hizi zisizo na uyoga wowote wa kuonekana, wataalamu wakizichunguza jeni wanazikuta kwenye oda moja na Mitrula, iitwayo Helotiales. Ni ukoo uliozoea jani lililolowa, kila mmoja kwa njia yake.

Kama mtaenda Karura, ombeni ruhusa getini kabla, mweleze ni povu na majani machache tu. Msitu ule wa hekta zaidi ya 1,000 upo leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa Januari 1999 wakiutetea usigawanywe kwa wajenzi. Vijito vyake vilitetewa pamoja nao.

---

ChuraMtoni

Naingilia kwa jambo moja, na naomba lisipuuzwe. Mimi ni mtu wa vyura. Kuna kuvu nyingine ya majini, Batrachochytrium dendrobatidis, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1999, ambayo imeua vyura na kumaliza spishi nzima Australia na Amerika ya Kati. Inashambulia ngozi, na chura anategemea ngozi kupumua na kusawazisha chumvi mwilini, hivyo moyo wake husimama. Spora zake zina mkia, zinaogelea. Na Kenya ipo: utafiti uliochapishwa 2010 uliikuta sehemu nyingi za nchi.

Sasa mkianza kuzunguka vinamasi na gambuti zilezile, leo Ondiri, kesho Karura, keshokutwa Ngong, mnabeba maji na tope kutoka bwawa moja kwenda jingine. Sugueni tope lote, zioshwe, halafu zikauke kabisa juani. Kuvu hiyo haivumilii ukavu. Nyavu, chupa, vijiko, vyote hivyo hivyo. Na msishike vyura ili kupiga picha.

---

MwanaOndiri

ChuraMtoni, asante. Nilipaswa kuanza na hilo kabla ya kumwambia mtu yeyote ainame majini. Wote mnaosoma, fuateni alivyosema.

---

MkulimaWaKikuyu

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi nimezaliwa karibu na Ondiri na shamba letu linapakana na bwawa. Ninyi watu wa mjini mkiandika kuhusu ukingo, mnaandika kuhusu mboga zetu. Watoto wamesomeshwa na ukingo huo. Halafu mseme ukweli pia kuhusu mikaratusi, kwa sababu ni hiyo iliyokausha chemchemi ya jirani yangu, wala si sukuma wiki. Na jambo la tatu, kwa kuwa umeuliza kuhusu majani meusi: pale nyuma ya shamba kuna shimo la maji yasiyotembea, majani yanaoza humo mpaka yananuka. Kiangazi maji yakishuka, majani yanabaki juu ya tope, na siku chache baadaye yanapata vitu vyeupe vidogo vinavyong'aa, kama punje. Ukivigusa vinatawanyika. Mvua ikija vinaelea. Hiyo ni nini?

---

MwanaOndiri

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kusema. Nitaanza na la mwisho, kwa sababu umenipa zawadi.

Ulichokieleza kinafanana sana na kuvu ambazo ni tofauti na zile za kijito. Kwenye maji yasiyotembea, chini ya majani yaliyorundikana, oksijeni ni chache mno. Kuna kuvu zinazoweza kuvumilia hali hiyo kwa miezi zikiwa nyuzi tu ndani ya jani, bila kutoa spora hata moja. Zinasubiri maji yashuke. Jani likishafika hewani lakini bado limelowa, zinatengeneza spora juu yake, na spora hizo zimejisokota kama koili, au zimejifuma kuwa tufe lenye uwazi ndani. Ndani ya msokoto ule hewa inanaswa. Maji yakirudi, spora haizami, inaelea mpaka ikutane na jani jingine. Ndizo jenasi za Helicodendron, Helicoon, Clathrosphaerina na nyinginezo. Kinachong'aa ni hewa iliyonaswa. Mengi umeyaona kwa macho yako mwenyewe, tena kwa mpangilio wake: kushuka kwa maji, siku chache, punje, kuelea. Kuna watu walioandika makala ndefu kwa kuona chini ya hapo.

Ukitaka kuhakikisha, chukua majani meusi machache kutoka humo shimoni, suuza tope, weka ndani ya kopo lenye mfuniko juu ya karatasi ya tishu iliyolowa. Yakae kivulini. Wiki moja hadi tatu, punje zikitokea, mpelekee Mwalimu wa Kasarani aweke chini ya hadubini. Msokoto utaonekana wazi.

Kuhusu mikaratusi, uko sahihi na nilikosa kuitaja. Mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, kwa kuwa inakunywa sana. Ila iko na dhara jingine ambalo halitajwi. Jani la mkaratusi lina mafuta na kemikali zinazoizuia kuvu, na lina ngozi ngumu. Watafiti wa Ureno na Uhispania, ambako imepandwa kwa wingi, wamelifuatilia hilo kwa miaka. Jani hilo likianguka mtoni, kuvu huchelewa kuliingia, na wadudu wanaokula majani huchelewa kulila. Viumbe hao wanataka jani ambalo kuvu imekwisha kulilainisha na kuliongezea protini. Kwenye vijito vya nyanda za juu za Kenya, watafiti mwaka 2002 walikuta wadudu watafunaji majani ni wachache, na kaa wa mtoni ni wengi. Kaa naye hula majani yaliyolainishwa. Kwa hiyo ukibadilisha miti ya ukingoni, umebadilisha chakula cha mto mzima, kuanzia kuvu.

Na kuhusu mboga. Siwezi kumwambia mtu aliyesomesha watoto kwa ukingo kwamba amekosea. Kanuni za mwaka 2009 za ardhi oevu na kingo za mito zipo, NEMA, mamlaka ya mazingira, inazo, zinataka ukanda usilimwe kandokando ya mto, mita 6 hadi 30 kutegemea upana wa mto. Lakini najua sheria ikija na askari na tingatinga, anayeumia ni mwenye nusu ekari, na mwenye jengo la ghorofa anabaki. Ninachoomba ni kidogo zaidi: ule upande ambao bado haujalimwa, ulio na miti ya kienyeji na majani yake yanayoanguka majini, uachwe. Usichimbwe mtaro wa kuukausha. Mbolea ya shamba la juu isitiririke moja kwa moja hadi humo, hata kwa kuacha mstari wa nyasi tu katikati. Na lile shimo lako, mzee wangu, naomba usilifukie. Kwa wengi ni shimo la mbu. Kwangu ni sehemu ya Ondiri yenye thamani kubwa.

---

MkulimaWaKikuyu

Marahaba. Shimo halifukiwi, ng'ombe wanakunywa pembeni yake. Nyasi nitazungumza na ndugu yangu, sehemu ile ni yake. Lakini wageni wasije kutembea juu ya bwawa lenyewe bila mwenyeji. Mimea ile inaonekana imara na haiko hivyo. Chini ni maji, na kina chake ni kirefu.

---

Kevo_wa_Githurai

Mzee, tukija tunaanzia kwako. Mimi niko tayari kwa povu la Karura Jumamosi hii, nani mwingine?

---

MwalimuKasarani

Tumerudi na chupa mbili, moja ya Karura chini ya maporomoko, nyingine ya kijito karibu na shule ambacho kinapita nyuma ya gereji. Gambuti zilioshwa, ChuraMtoni asiwe na wasiwasi. Chupa ya gereji ilikuwa na tope, mafuta na bakteria wanaokimbia, hakuna umbo hata moja la mikono. Chupa ya Karura, wasichana wawili wa kidato cha tatu walipata kitu chenye mikono minne kabla sijamaliza kurekebisha hadubini ya pili. Walipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaja. Baadaye tukaona kingine, chembamba, kimepinda kwa umbo la mwezi mwandamo. Wanafunzi wamechora vyote. Tunaandika majina gani chini ya michoro?

---

MwanaOndiri

Mwalimu, nimefurahi sana. Wapongeze hao wasichana kwa niaba yangu.

Kile cha mwezi mwandamo kinalingana na Lunulospora curvula, inayopenda maji ya joto, lakini angalieni mahali kilipokuwa kimeshikilia kikonyo: kwenye Lunulospora kovu liko pembeni ya mkunjo, halipo kwenye ncha. Kama mchoro hauonyeshi kovu, msiandike jina. Cha mikono minne kinaweza kuwa cha kuvu nyingi tofauti. Pimeni urefu wa kila mkono, muone kama yote ni sawa au mmoja ni mnene na mitatu imechomoza juu yake. Muone pia kama kuna kuta zinazogawanya mkono vipande vipande.

Kwa sasa andikeni hivi chini ya kila mchoro: tarehe, saa, jina la kijito, povu au jani, miti iliyoinamia maji pale, mikaratusi ipo au haipo, mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Na ile chupa ya gereji nayo ipewe ukurasa wake na maelezo hayohayo, pamoja na kwamba hamkukuta kitu. Rudini sehemu hizo mbili mvua za vuli zikianza, Oktoba au Novemba, mchote palepale. Mimi nitapanga na Mzee wa Kikuyu kuhusu majani ya lile shimo, na kopo likiwa tayari nitalileta shuleni mwenyewe.